The Drifters: Jina Lililoajiri Waimbaji

Siku moja mwaka 1958, meneja George Treadwell aliwafukuza kazi waimbaji wote wa The Drifters kwa mpigo, kisha akaanza kutafuta Drifters wengine. Hakwenda mbali. Ugomvi ulizuka Apollo, ukumbi maarufu wa Harlem, New York, baada ya mmoja wa waimbaji kulewa na kuwatolea matusi wakubwa wa mahali pale. Kwenye bango la wiki hiyo hiyo kulikuwa na vijana wengine wasio na jina kubwa, Five Crowns. Treadwell akaelewana na meneja wao, Lover Patterson, na vijana wale wakalala Crowns, wakaamka Drifters.

Waliofukuzwa walikuwa na nyimbo zilizowahi kushika nafasi ya kwanza kwenye chati za R&B. Walioingia hawakuwa wameimba hata mstari mmoja wa nyimbo hizo studioni. Lakini Treadwell alikuwa na ahadi za maonyesho kwa miaka kadhaa mbele, na wenye kumbi walikuwa wamenunua jina. Kwa karibu mwaka mzima vijana wale walizunguka Marekani wakizomewa na watu waliolipa kiingilio kuwaona wengine.

Kisa hiki husimuliwa mara kama kichekesho, mara kama ushahidi wa dhuluma ya mameneja. Vyote vimo. Swali linalonishughulisha ni jingine: ilikuwaje kundi lililobadilisha watu kiasi hiki likatoa baadhi ya nyimbo bora za karne iliyopita, tena kwa zaidi ya miaka kumi, kwa sauti ambazo hazifanani hata kidogo? Jibu langu ni kwamba kundi hili lilikuwa vitu vitatu vilivyowekwa mahali patatu. Jina lilikuwa ofisini kwa meneja. Muziki ulikuwa studioni, mikononi mwa kampuni ya santuri ya Atlantic na watunzi wake. Sauti zilikuwa za waimbaji, na kati ya vitu hivyo vitatu sauti ndizo zilizolipwa kidogo kuliko vyote.

Muundo huo una asili yake. Mwaka 1953 Clyde McPhatter, mtoto wa mhubiri kutoka Durham, North Carolina, alikuwa mwimbaji kiongozi wa Billy Ward and His Dominoes. Sauti yake ilikuwa ya juu, laini, yenye kilio cha kanisani, na aliihamisha bila haya kwenye nyimbo za mapenzi. Ward aliliongoza kundi lake kijeshi: mshahara, faini, amri. Kuna wakati alimtangaza McPhatter kwa jina la Clyde Ward, kana kwamba ni ndugu yake. McPhatter alipoondoka, nafasi yake ikachukuliwa na kijana aitwaye Jackie Wilson, naye Ahmet Ertegun wa Atlantic akamtafuta haraka McPhatter na kumpa nafasi ya kuunda kundi lake mwenyewe.

McPhatter aliwaita kwanza rafiki zake wa kwaya ya kanisa pale Harlem, wakiwamo William Anderson na David Baldwin, ndugu wa mwandishi James Baldwin. Wakarekodi, lakini Atlantic haikuridhika. Kikosi hicho kikavunjwa, wakaingia wengine: ndugu wawili Gerhart na Andrew Thrasher, na Bill Pinkney, mwanajeshi wa zamani wa Vita Kuu ya Pili aliyewahi pia kurusha mpira wa besiboli. Mnamo Agosti 1953 kikosi hiki cha pili kilirekodi «Money Honey», utunzi wa Jesse Stone, nao ukakaa nafasi ya kwanza ya R&B kwa wiki 11. Kwa maneno mengine, kundi lilikuwa limekwisha kubadilishwa kabla msikilizaji hajasikia santuri yake ya kwanza.

McPhatter alikuwa amejifunza kwa Ward kwamba ni heri kuwa mwenye mali kuliko kuwa mfanyakazi. Kwa hiyo The Drifters ilisajiliwa kama kampuni, naye akiwa na hisa pamoja na Treadwell, mpiga tarumbeta wa zamani aliyewahi kuwa mume na meneja wa Sarah Vaughan. Kisha mwaka 1954 McPhatter akaitwa jeshini. Aliporudi alitaka kuimba peke yake, na hisa zake akamuuzia Treadwell. Uamuzi huo ndio uliofunga milango. Mtu aliyetoroka mshahara wa Billy Ward aliwaacha wenzake kwenye mshahara wa George Treadwell, na baadaye alijutia jambo hilo. Alifariki mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 39, ulevi ukiwa umemmaliza.

Msikilizaji wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam au Nairobi atasema: hii tunaijua, ni mambo ya mwenye vyombo. Bado kuna tofauti. Mwenye vyombo ana magitaa, ana spika, ana gari. Mwanamuziki anayehama anaacha chuma nyuma yake. Treadwell hakuwa na chombo chochote cha kumzuia mtu. Kundi la uimbaji halina vifaa, lina makoo tu, na kila mtu huondoka na lake. Mali yake Treadwell ilikuwa neno lililoandikwa kwenye karatasi, na biashara yote ilitegemea kuwashawishi watu kwamba neno lile ndilo lililokuwa likiimba.

Miaka ya 1955 hadi 1958 ilionyesha jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Johnny Moore, kijana mzaliwa wa Alabama aliyekuwa akiimba Cleveland, alichukua nafasi ya uongozi na mara moja akaleta kibao cha nafasi ya kwanza ya R&B, «Adorable». Pinkney alipoomba nyongeza ya malipo mwaka 1956 alifukuzwa, na Andrew Thrasher akaondoka naye. Moore naye akaitwa jeshini mwaka 1957. Bobby Hendricks akaingia. Waliobaki walichoka, walilipwa vibaya, walikunywa. Hapo ndipo tulipoanzia, pale Apollo.

Sasa tuwafuate wale waliozomewa. Katika Crowns walioitwa Drifters walikuwamo Charlie Thomas, Dock Green, Elsbeary Hobbs, na kijana wa sauti nzito kidogo aliyezaliwa Henderson, North Carolina, jina lake Benjamin Nelson. Dunia ilikuja kumjua kama Ben E. King. Mnamo Machi 1959 waliingia studioni na maprodyuza Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wawili wa Kiyahudi waliokuwa wameandika nyimbo za weusi tangu wakiwa na miaka chini ya ishirini. Wimbo uliokuwa mezani, «There Goes My Baby», Nelson mwenyewe alishiriki kuutunga. Charlie Thomas ndiye aliyetakiwa kuuongoza. Alipofika mbele ya maikrofoni akashikwa na woga, sauti ikagoma. Nelson akasukumwa mbele.

Kilichorekodiwa siku ile kilikuwa kitu cha ajabu. Leiber na Stoller waliweka mdundo wa baion kutoka Brazil chini ya sauti za kanisani, wakaongeza ngoma kubwa za okestra ambazo haziendani barabara na ufunguo wa wimbo, na juu yake Stan Applebaum akapanga fidla zinazopanda na kushuka kama muziki wa kumbi za kizungu. Fidla katika R&B lilikuwa jambo geni. Jerry Wexler, mkubwa wa Atlantic, aliuchukia, akasema ni kama redio iliyokamata stesheni mbili kwa pamoja. Wimbo ukawekwa kando kwa muda. Ulipotoka, ulishika nafasi ya kwanza ya R&B na ya pili katika chati kuu ya Marekani.

Niusikilizapo leo, naona Wexler hakukosea. Kweli ni stesheni mbili. Mwimbaji analia mahali pamoja, okestra inatembea mahali pengine, na pengo kati yao ndilo linaloufanya upweke wa wimbo uaminike. Soul ya miaka ya 1960, na kwa kiasi fulani kazi za Phil Spector aliyekuwa akijifunza miguuni mwa Leiber na Stoller, zilipita katika mlango uliofunguliwa siku hiyo. Aliyeufungua kwa sauti yake alikuwa mbadala wa mbadala.

Angalia pia majina ya watunzi yaliyosajiliwa kwa wimbo huo: Benjamin Nelson, Lover Patterson, George Treadwell. Mameneja wawili, mwimbaji mmoja. Desturi hii ilikuwa ya kawaida katika biashara ya santuri wakati huo: mwenye nguvu anaongeza jina lake kwenye utunzi, na mrabaha unapofika unagawanywa kabla haujamfikia aliyetunga. Malipo ya mwimbaji kutokana na mauzo ya santuri nayo yalipitia kwenye kampuni ya kundi, na Drifters wenyewe walibaki na mshahara wa wiki.

King hakuvumilia kwa muda mrefu. Yeye na Patterson walidai malipo bora, Treadwell akakataa, na kikatokea kimoja cha vituko vikubwa vya historia ya kundi hili. King aliendelea kurekodi, lakini ziarani na kwenye televisheni hakuonekana. Santuri ikichezwa, Charlie Thomas ndiye aliyesimama mbele ya kamera akifumbua na kufumba mdomo juu ya sauti ya King. «Save the Last Dance for Me», utunzi wa Doc Pomus na Mort Shuman, ulifika nafasi ya kwanza Marekani katika vuli ya 1960 wakati mwenye sauti ile yuko mguu ndani, mguu nje. Pomus alitembea kwa magongo tangu polio ya utotoni, na wimbo wa mtu anayemtazama mpenzi wake akicheza na wengine ulitoka katika harusi yake mwenyewe. Huzuni ya Pomus, sauti ya King, midomo ya Thomas, jina la Treadwell: watu wanne kwa wimbo mmoja, na msikilizaji hakujua lolote.

Baada ya hapo King akaenda zake, akabadili jina, akatoa «Spanish Harlem», na mwaka 1961 «Stand by Me», chini ya Atco, lebo tanzu ya Atlantic. Nyongeza ya mshahara iliyokataliwa ingekuwa ndogo sana mbele ya thamani ya wimbo huo wa pili peke yake. Hata hivyo hapa kuna jambo ambalo wanaomlaumu Treadwell pekee hulisahau. Atlantic haikupoteza kitu. King akibaki, santuri zake ni za Atlantic. King akiondoka, santuri zake bado ni za Atlantic, na Drifters wanaobaki ni wake vilevile. Kampuni haikuwa na sababu ya kusuluhisha ugomvi ulioipa wasanii wawili badala ya mmoja.

Nafasi ya King ilichukuliwa na Rudy Lewis, aliyekuwa ameimba na Clara Ward Singers, kundi la wanawake la muziki wa injili ambalo halikuwa na kawaida ya kuchukua wanaume. Kwangu mimi Lewis ndiye bora kuliko wote. McPhatter alishangaza na King alituliza, lakini Lewis alikuwa na kitu adimu, kiasi. Sikiliza «Up on the Roof» ya mwaka 1962, utunzi wa Gerry Goffin na Carole King, au «On Broadway» ya mwaka uliofuata: hapandishi sauti mpaka maneno yamlazimishe, na akipandisha anarudi chini haraka kama aliyeona haya. Aliwapa Drifters nyimbo zinazojulikana dunia nzima, na dunia nzima haimjui. Kwenye lebo ya santuri liliandikwa jina la kundi tu.

Usiku wa kuamkia Mei 21, 1964, Rudy Lewis alifariki usingizini. Asubuhi yake kundi lilikuwa na zamu ya kurekodi wimbo ulioandaliwa kwa sauti yake. Studio ilikuwa imekodiwa na wapiga vyombo wameshaitwa. Johnny Moore, yule wa mwaka 1955, alikuwa amerudi kundini mwaka uliotangulia baada ya jeshi na baada ya kujaribu bahati yake peke yake. Akasimama mahali pa Lewis na kuimba «Under the Boardwalk», chini ya prodyuza Bert Berns. Ni wimbo wa kiangazi, wa ufukweni, wa wapenzi waliojificha jua. Anayejua ulivyorekodiwa husikia uzito fulani katika sauti ya Moore, ingawa sina hakika kama uzito huo uko kwenye utepe au kwenye masikio yetu. Ulifika nafasi ya nne.

Hivyo basi nani alikuwa Drifters? Ukichora mstari tangu 1953 hadi 1964, hakuna koo hata moja lililoimba mwanzo mpaka mwisho. Kinachoendelea ni studio: Atlantic, watunzi wa Broadway waliofanya kazi ndani na jirani ya jengo la Brill, wapanga muziki waliojua namna ya kutandika fidla chini ya sauti ya kanisani, na waitikiaji wa kukodi. Katika mojawapo ya kazi hizo za mwaka 1961 ndipo Burt Bacharach alipomwona mwitikiaji kijana, Dionne Warwick. Ustadi ulikuwa umejengwa nje ya kundi, ndiyo maana kundi liliweza kuvunjwa bila ustadi kuvunjika.

Lakini nisiwape maprodyuza zaidi ya haki yao. Studio ile ile, watunzi wale wale, wangeweza kuzalisha santuri baridi kama wangepata waimbaji wa kawaida. Hawakupata wa kawaida kwa sababu Amerika ya weusi ya wakati huo ilikuwa na makanisa, na kila kanisa lilikuwa likilea vijana waliojua kuongoza wimbo kabla ya kujua kuendesha gari. Treadwell angeweza kuwafukuza watu wa daraja la kwanza kwa sababu nje ya mlango walisimama wengine wa daraja la kwanza. Utajiri huo wa vipaji ndio uliowafanya wawe rahisi. Mshahara mdogo na muziki mkubwa vilitoka kwenye chemchemi moja, na sioni namna ya kusifu kimoja bila kukitaja kingine.

Mtu anaweza kumtetea Treadwell, na utetezi wake si wa kupuuzwa. Kama jina lingekuwa mali ya waimbaji, huenda lingekufa McPhatter alipokwenda jeshini, au siku ile ya matusi Apollo, kama yalivyokufa majina ya makundi chungu nzima ya kona za mitaa ya New York. Alivumilia mwaka mzima wa kuzomewa. Ni kweli. Ila mfano wa upande wa pili upo. Kule Detroit vijana wanne walianza kuimba pamoja mwaka huo huo wa 1953, baadaye wakaitwa Four Tops, na walibaki wanne wale wale mpaka Lawrence Payton alipofariki mwaka 1997. Waligawana. Walipitia kampuni kadhaa kabla ya Motown kuwapa vibao, na katika miaka ya njaa hakuna aliyewafukuza kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka hayo.

Treadwell alifariki mwaka 1967, na mkewe Faye akashika usukani. Vibao vikubwa vya Marekani vilikuwa vimekwisha. Faye aliona kile ambacho Waamerika hawakukiona: Uingereza ilikuwa bado na kiu. Miaka ya mwanzo ya 1970 alilihamishia kundi kule, likasaini na Bell, na watunzi Waingereza kama Tony Macaulay na Roger Greenaway wakaliandikia nyimbo za sinema za Jumamosi na mapenzi ya ujana. «Kissin' in the Back Row of the Movies» ulifika nafasi ya pili kwenye chati ya Uingereza mwaka 1974. Ni muziki mwepesi kuliko ule wa New York, sitaficha. Sauti iliyouongoza ilikuwa ya Johnny Moore tena. Ikiwa lazima tumtaje mtu mmoja aliyekuwa Drifters, ni huyu aliyeingia mara kwa mara, bila majivuno, bila jina lake juu ya bango, mpaka alipofariki London mwaka 1998.

Wakati kundi likiwa Uingereza, Marekani ilikuwa imejaa Drifters. Pinkney alikuwa na wake, akiwaita Original Drifters, pamoja na baadhi ya waliofukuzwa. Charlie Thomas alikuwa na wake. Katika miaka ya 1970 promota mmoja wa New York aliwakusanya Thomas, Green na Hobbs, na mwaka 1978 jina la The Drifters likasajiliwa kama alama ya biashara huko Marekani. Mzozo kati ya promota huyo na Faye Treadwell ulifika mahakamani. Mwaka 1999 hakimu wa shirikisho huko New Jersey aliamua kwamba usajili ule ulipatikana kwa udanganyifu, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikakubaliana naye.

Hoja moja katika kesi hiyo inastahili kusomwa polepole. Upande wa promota ulidai kwamba Faye Treadwell alikuwa ameliacha jina kwa kuhamia Uingereza. Mahakama ikasema hapana: nyimbo za zamani zilikuwa bado zinapigwa redioni Marekani, mrabaha ulikuwa bado unaingia, kwa hiyo jina lilikuwa bado linatumika. Yaani sauti za King, Lewis, Moore na Thomas mwenyewe zikawa ushahidi kwamba jina si la Thomas. Kisheria sioni kosa.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yalipitisha sheria dhidi ya makundi bandia ya muziki wa zamani, kwa kampeni ya watu kama Mary Wilson wa The Supremes. Sheria hizo zilisaidia, lakini ukizisoma utaona zinamruhusu kupanda jukwaani mwimbaji wa asili mwenye haki ya jina, na pia zinamruhusu mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa, hata kama hakuna mzee hata mmoja kikosini. Zinazuia jina kuibwa. Hazisemi nani alistahili kulimiliki tangu mwanzo. Rock and Roll Hall of Fame ilijaribu kwa njia yake: mwaka 1988 iliwaingiza McPhatter, Pinkney, Gerhart Thrasher, Moore, King, Thomas na Lewis. Watu saba, wa vikosi tofauti, ambao hawakuwahi kuimba wote pamoja.

Thomas, yule aliyeshikwa na woga mwaka 1959, aliishi kuliko karibu wote, akiendelea kupanda jukwaani uzeeni, na akafariki Januari 2023. Muda mfupi kabla ya hapo, mwaka 2021, London ilipata tamthilia ya muziki kuhusu kundi hili, «The Drifters Girl», Beverley Knight akiigiza nafasi ya Faye Treadwell. Mhusika mkuu ni mwenye jina. Waimbaji wote, tangu McPhatter hadi Moore, wanaigizwa na wanaume wanne wanaopokezana nafasi, mmoja akitoka King anarudi mtu mwingine. Watengenezaji walifanya hivyo kwa sababu za jukwaa na bajeti. Treadwell naye alikuwa na sababu hizo hizo.